Mama alipata kiharusi tukauza mifugo yake ili apumzike: je, tulikosea?

MzaliwaWaUru ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeigawa familia yetu tangu mwaka jana, na ambalo nahofia tulilifanya kwa pupa.

Mama yetu ana umri wa miaka 74 na anaishi Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi, katika kihamba, yaani shamba la migomba la familia, alichoachiwa na marehemu baba. Sisi watoto tumetawanyika: mimi niko Njiro, Arusha, kaka yangu mkubwa yuko Dar es Salaam, na mdogo wetu wa mwisho ameolewa Mwanza. Kama ilivyo kwa familia nyingi za huku kwetu, Desemba nyumba hujaa hadi watu wakalala sebuleni, kisha ikifika wiki ya kwanza ya Januari magari huondoka moja baada ya jingine, na mama hubaki na msichana wa kazi na migomba. Mwaka jana alipata kiharusi kilichomdhoofisha upande wa kushoto. Sasa anatembea kwa mkongojo na anazungumza vizuri, lakini mkono wa kushoto hauna nguvu na vidole vyake vimejikunja.

Kabla ya kuugua alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na mbuzi wawili bandani. Alipotoka hospitali tulikaa kikao cha familia, tukakubaliana wote wauzwe ili asihangaike tena na majani, maji na samadi. Tulidhani tunampunguzia mzigo. Tangu siku ile mama amekuwa mtu mwingine. Yeye ambaye zamani kengele ya misa ya kwanza ilimkuta tayari amekwisha kufagia banda, sasa hutoka kitandani saa nne. Chakula hukigusagusa tu. Ukimpigia simu hujibu kwamba hajambo, kisha hunyamaza hadi wewe mwenyewe unatafuta sababu ya kuaga. Daktari alimpima, akasema shinikizo la damu limetulia ila ana dalili za sonona, akamwandikia dawa na kutuonya tusimwache mpweke.

Kilichonifanya niandike leo ni jambo nililoliona kwa macho yangu majuma mawili yaliyopita. Tulikuwa tumekaa uani, mama akiwa kwenye kiti na ule mpira mdogo aliopewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ili aufinyange kwa mkono mgonjwa. Mpira ambao, kwa kusema kweli, huwa anauacha uanguke na kubingirika chini ya kiti. Mbuzi wa jirani akakatika kamba, akaingia uani na kuanza kunusa sufuria. Nilisimama ili nimfukuze. Mama akanizuia. Akaokota jani la mgomba lililokuwa chini, akalibana kwa kiwiko cha kushoto, akaanza kulichana kwa mkono wa kulia vipande vyembamba, akimpa mmoja mmoja. Kisha akamwambia msichana alete chumvi kidogo, akaiweka kwenye kiganja kile cha kushoto, akahangaika kwa muda mrefu kuvinyoosha vidole hadi vikafunguka nusu, na mbuzi akairamba yote. Mama alikuwa akimsemesha kwa Kichaga muda wote huo. Sijamsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa pamoja tangu augue.

Maswali yangu ni haya. Je, ni kweli kwamba mnyama anaweza kumsaidia mgonjwa na mzee aliye mpweke, au nimeona kile nilichotamani kukiona? Ikiwa ni kweli, anafaa mnyama gani kwa mtu wa hali hii, maana wapo wanaonishauri nimpelekee paka au mbwa? Na kaka yangu, ambaye hataki kabisa kusikia habari ya mifugo kurudi, anauliza swali ambalo sina jibu lake: mama akilazwa tena, nani atawalisha?

MuuguziMstaafu amejibu:

Pole sana, dada yangu, na umfikishie mama shikamoo zangu. Nimefanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa hapa Moshi, na nikuambie kwamba ulichokiona si ndoto. Jambo hili ni la zamani kuliko dawa nyingi tunazozitumia. Florence Nightingale, ambaye sisi wauguzi tunamhesabu kuwa mwasisi wa taaluma yetu ya kisasa, aliandika katika karne ya 19 kwamba mnyama mdogo mara nyingi ni mwenzi bora wa mgonjwa, hasa mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu. Mwenyewe alimfuga bundi. (Bundi, ndugu zangu! Huku kwetu mgonjwa angehamishwa nyumba.)

Tafiti zilifuata baadaye. Uliosemwa sana ni ule wa Marekani uliochapishwa mwaka 1980, ulioongozwa na Erika Friedmann, uliofuatilia kwa mwaka mmoja watu 92 waliokuwa wamelazwa kwa maradhi ya moyo. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani walifariki 3, na kati ya 39 wasiokuwa na mnyama walifariki 11. Namba hizo zinavutia, lakini nakushauri usizimeze nzima nzima, kwa sababu huenda mtu mwenye nguvu za kufuga tayari ana afya nafuu kuliko asiyeweza. Mimi huzipa uzito zaidi zile tafiti ambazo watu walipewa mnyama na wenzao hawakupewa. Mwaka 2002, kwa mfano, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue waliweka matangi ya samaki katika vyumba vya kulia vya wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule usahaulifu mkali wa uzeeni, na wazee hao wakaanza kula zaidi na kuongezeka uzito. Samaki hashikiki wala hasemeshwi, lakini anatembea, na mzee aliyekuwa akinyanyuka mezani kabla hajashiba hubaki ameketi akimtazama huku mkono ukienda mdomoni.

Ninaoupenda kuliko wote ni wa Korea Kusini, uliochapishwa mwaka 2016. Wazee 94 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa nyenje watano kila mtu katika kizimba kidogo, walee kwa wiki 8. Nyenje, wadudu hawa wanaolia usiku! Dalili za sonona zilipungua kwa waliolea wadudu. Zilipungua kidogo tu, sitii chumvi, lakini zilipungua. Sasa mdudu hana manyoya ya kupapasa wala hakimbilii mlangoni ukirudi. Alichokuwa nacho ni kimoja: asingepewa chakula na mzee yule, angekufa.

Hapo ndipo naomba uangalie, dada. Watu wengi hufikiri mnyama anamliwaza mgonjwa kwa kumpenda, na kwa mbwa hilo lina ukweli wake. Lakini kwa wagonjwa niliowahudumia nimeona zaidi upande wa pili. Nilikuwa na bibi mmoja aliyelazwa kwa kisukari kilichopanda, akawa anatuomba kila asubuhi tumruhusu aende nyumbani kwa sababu kuku wake walikuwa wanakaribia kuangua. Hakuuliza habari ya wanawe, nao walikuwa watu wazima wenye kazi zao. Aliuliza habari ya matetea. Tulipompatia simu akazungumza na jirani na kuhakikishiwa kwamba vifaranga 9 wametoka, alikunywa uji wote siku ile. Mgonjwa siku nzima anafanyiwa: anaogeshwa, anageuzwa, anachomwa sindano, anaulizwa kama amepata choo. Saa anayomlisha kuku ndiyo saa pekee anayofanya yeye.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kuuza mifugo kulimpunguzia mama kazi, na pamoja na kazi kukamwondolea sababu ya kuamka. Nasema haya bila kuwalaumu. Nami ningepiga kura hiyohiyo katika kikao hicho miaka 30 iliyopita.

MtotoWaKibosho amejibu:

Naheshimu aliyoyaeleza mama muuguzi, lakini naomba nisimame upande wa kaka mtu, kwa sababu yaliyotokea kwetu sitaki yatokee Uru.

Baba yangu alikuwa mjane, akiishi peke yake na kijana wa kumsaidia. Sisi watoto tulimnunulia mbwa mdogo mwenye manyoya marefu, tukapiga picha, tukafurahi. Mbwa huyo alikuwa na tabia ya kulala kizingitini. Alfajiri moja baba alitoka kwenda msalani, umeme ukiwa umekatika, akamkanyaga, akaanguka na kuvunjika nyonga. Hakurudi tena katika hali yake ya awali. Na si kisa cha nyumbani kwetu peke yake: idara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na udhibiti wa magonjwa ilikadiria, kwa takwimu za mwaka 2001 hadi 2006, kwamba kila mwaka watu zaidi ya 86,000 nchini humo walitibiwa katika vitengo vya dharura kwa majeraha ya kuanguka yaliyosababishwa na mbwa au paka. Mtu mwenye kiharusi upande mmoja, anayetembea kwa mkongojo katika mteremko wa Uru wakati wa masika, halafu mnamkabidhi kamba ya mbuzi?

Kuna jambo la pili ambalo ni gumu zaidi kulisema. Tulipomnunulia baba mbwa, safari zetu za kumtembelea zilipungua. Hakuna aliyeamua hivyo, ilitokea tu. Tulikuwa tukiulizana kwenye simu, "Mzee anaendeleaje?" na mmoja akajibu, "Yuko vizuri, ana mbwa wake." Mbwa alikuwa amefanywa mtoto wa tano, tena yule pekee aliyebaki nyumbani. Dada, kabla hujampelekea mama mbuzi, jiulize kama unampelekea mbuzi au unatuma mwakilishi.

FundiUmemeSakina amejibu:

Kwa wanaoogopa kuanguka, magonjwa na gharama, nafikiri ipo njia nyingine. Wajapani wameunda sili (yule mnyama wa baharini) wa bandia anayeitwa Paro, mwenye manyoya meupe na vihisio ndani, ambaye akipapaswa hutikisa kichwa, hufumba macho na kutoa sauti kama mtoto. Anatumika katika nyumba za wazee katika nchi kadhaa, hasa kwa wenye usahaulifu, na yapo matokeo mazuri ya kuwatuliza wanaohangaika. Hali, hanyi, hafi. Bei yake kwa sasa ni kubwa mno kwetu, lakini vifaa vya namna hii hushuka bei kadiri miaka inavyokwenda.

DaktariWaMifugoArusha amejibu:

Nimesoma michango yote, na nitajikita katika sehemu ya kazi yangu, kwa kuwa hofu za Mtoto wa Kibosho ni za kweli na nyingi zinazuilika.

Tuanze na mbwa, ingawa sidhani kama ndiye anayemfaa mama. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini mwetu kila mwaka, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa yeyote anayeishi na mzee achanjwe anapofikisha miezi mitatu, na arudiwe kila mwaka. Kampeni nyingi za chanjo hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo ulizieni katika ofisi ya mifugo ya kata. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu akimbizwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Paka ni mpole zaidi kwa mzee asiyeweza kutembea, ila naye huchanjwa na kupewa dawa ya minyoo, na kinyesi chake kisizolewe na mwanamke mjamzito.

Sasa mbuzi. Mama wa miaka 74 wa Uru amefuga mbuzi maisha yake yote. Anajua akikohoa ana nini, anajua jani lipi linamvimbisha tumbo. Ukimpelekea paka utakuwa umempa mgeni, na ukimpelekea mbuzi utakuwa umemrudishia fani yake. Ng'ombe simshauri kabisa: ng'ombe wa maziwa anahitaji kilo 40 au zaidi za majani mabichi kwa siku na maji mengi, na kazi hiyo itamwangukia msichana wa kazi, ambaye ataacha kazi mwezi wa pili. Mbuzi wa kilo 30 hutosheka na kilo tatu au nne hivi za majani mabichi. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba mbuzi mmoja peke yake naye huwa mpweke. Ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake hulia usiku kucha na kukataa kula. Chukueni wawili. Wawe majike wadogo waliotulia au dume aliyehasiwa, wala asiwepo beberu, maana beberu akikasirika humwangusha hata kijana.

Kuhusu usalama, mbuzi wasitembezwe kwa kamba na mama hata siku moja. Wajengewe banda la kuinuliwa lenye sakafu ya mbao zilizoachana, ili kinyesi kianguke chini, na hori liwekwe nje ya ukuta wa mbele, kwenye kimo cha kifua cha mtu aliyeketi. Mwekeeni kiti chenye mikono karibu na hori, na njia ya kutoka mlangoni hadi pale isawazishwe na kufungwa mti wa kushikilia upande wa kulia, ambao ndio upande wake wenye nguvu. Atalisha akiwa ameketi. Mengine yafanywe na msaidizi.

Kuhusu magonjwa, naomba mlichukulie kwa uzito. Utafiti uliofanyika hapo hapo Moshi mwaka 2007 na 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, uligundua kwamba zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini malaria ilithibitika kwa asilimia 1.6 tu. Maradhi yatokanayo na wanyama, kama brusela, homa ya Q na leptospira, yalikuwa mengi kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo mbuzi wapimwe brusela kabla ya kununuliwa, maziwa yachemshwe bila kubembelezana, mama asikaribie wakati mbuzi anazaa wala asishike kondo la nyuma, na siku akipata homa mwambieni daktari mapema kwamba ndani ya boma kuna mbuzi. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha vipimo vitakavyoandikwa.

Swali la nani atawalisha mama akilazwa limekwisha kujibiwa na mababu zenu wa mlimani. Wachaga wana desturi ya siku nyingi ya kumkabidhi jirani mnyama amfuge, naye akanufaika na maziwa na samadi huku mnyama akibaki mali ya mwenyewe. Tafuteni jirani huyo sasa, kabla mbuzi hawajafika, na mpatane mbele ya mama.

BabuTengeru amejibu:

Mjukuu wangu amenisomea mjadala huu tangu mwanzo na ndiye anayeniandikia. Nina miaka 79. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita na mapafu yangu si mazima, kwa hiyo nazungumza kama mmoja wa hao mnaowajadili.

Nimesikiliza kwa makini nikisubiri mtu mmoja aulize jambo ambalo halikuulizwa. Mlipouza ng'ombe yule na mbuzi wale, mlimuuliza mwenyewe? Binti anasema walikaa kikao cha familia. Mama alikuwa wapi kikao kikiendelea, kitandani? Na sasa mnajadili mbuzi au paka, wawili au mmoja, na kaka anasema hataki. Anayetaka au asiyetaka ni mama. Miguu ndiyo iliyolemaa, akili ni nzima.

Mimi nina paka. Sikumnunua wala sikumwomba. Alikuja akifuata panya wa ghala, akabaki. Mchana upweke hauna nguvu sana, kwa kuwa Jumatano na Jumamosi gulio linajaa barabara, na siku nyingine kuna redio. Usiku ndipo unapokuja. Mtu aliyelala na mwenzake kwa miaka 46 hushtuka saa nane akasikiliza pumzi ya upande wa pili, na pumzi haipo. Sasa ipo ya paka, miguuni. Ni kitu kidogo, ila mwenzangu asiyekuwa nacho nisingependa kubadilishana naye usiku.

Tena kuna sauti. Baada ya msiba niligundua kwamba naweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni bila kutamka neno, na jirani akibisha hodi sauti inatoka imekwaruza kama bawaba ya mlango. Sasa namgombeza paka. Namwambia ashuke mezani, namwambia maziwa yamepanda bei, namwambia mvua imechelewa. Hanijibu, lakini koo langu linafanya kazi, na watu wakija wanikute nina maneno.

Mtoto wa Kibosho amesema neno zito na simpingi. Paka wangu hakuwahi kunipeleka hospitali wala kuniuliza juu ya mpaka wa shamba. Ila nimwambie hili: watoto wa jirani walianza kuingia uani kwangu kwa ajili ya paka, na mama zao wakaingia kuwafuata watoto, na sasa kuna mmoja anayeniletea mtori kila Ijumaa. Mnyama wa mzee akiwa uani huwa kisingizio cha watu kuingia.

Kijana wa Sakina, nakushukuru kwa habari za huyo sili. Umesema hali wala hanyi. Sasa mimi nitaamka asubuhi kumfanyia nini?

MzaliwaWaUru ameandika:

Nawashukuruni wote, na Babu wa Tengeru nampa shikamoo ya pekee. Swali lake lilinikosesha usingizi, kwa sababu jibu ni kwamba mama alikuwa kitandani na mlango ulikuwa umefungwa ili asisumbuliwe na kelele zetu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Uru, mimi na kaka aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Tulimuuliza. Alikaa kimya kwanza, kisha akauliza ng'ombe wake yuko wapi. Tulimweleza kwamba alinunuliwa na mtu wa Kiboriloni. Akauliza kama anaendelea kutoa maziwa, na kama mwenye naye anajua kwamba hapendi kukamuliwa na mtu mwenye mikono ya baridi. Hakuna kati yetu aliyejua. Nilimpigia simu mnunuzi palepale, nikampa mama simu, wakazungumza karibu nusu saa kuhusu mnyama ambaye sisi tulimhesabu kuwa mzigo uliokwisha. Alipomaliza alifuta macho na kusema kwamba ng'ombe abaki huko, yeye hamwezi tena, lakini banda lisikae tupu.

Kaka hakubishana. Nadhani maneno ya Mtoto wa Kibosho yalimgusa kuliko ya wote, kwa kuwa alikuwa ameyasoma na tumepatana kwamba kila wiki ya pili mmoja wetu atalala Uru, mbuzi wawepo wasiwepo. Mdogo wetu wa Mwanza atachangia nauli. Jirani yule ambaye mbuzi wake alikatika kamba amekubali kuwachukua wa kwetu kila itakapolazimu, kwa masharti ya samadi. Fundi ameanza kuinua sakafu ya banda na kufunga mti wa kushikilia, upande wa kulia kama ulivyoelekeza, daktari.

Jana kaka alikwenda mnadani peke yake, akarudi na majike wawili wadogo akijisifu kwamba amepata bei nzuri. Mama alitolewa nje kwenye kiti chake, akaomba wasogezwe mmoja mmoja. Wa kwanza alimshika sikio, akamfunua mdomo, akakubali. Wa pili alimwambia kaka amtembeze hadi kwenye mgomba na kurudi, akamwambia arudie tena, kisha akasema, "Mguu wa nyuma huo anaukanyaga kwa ncha. Umepigwa. Mrudishe." Kaka mwenye miaka 51 alimpakia mbuzi kwenye bajaji na kumrudisha, mama akimfuatilia kwa macho hadi kona. Jioni alikula ndizi zote na kuulizia kama kuna parachichi.

Kwa hiyo kwa sasa yupo mmoja, na kweli analia usiku kama ulivyotuonya. Daktari, nikuulize: wa pili tutampata wiki ijayo, baada ya kupimwa. Je, katika siku hizi chache ni sawa akilala bandani na mbuzi wa jirani, au tusubiri huyo naye apimwe kwanza? Mama anasema ni sawa, lakini amenituma niulize.